Baba juu ya paa na singlendi, mwana uwanjani mikono wazi

Shangazi, shikamoo.

Nina wanaume wawili nyumbani na wote wamenishinda. Wa kwanza ni mume wangu, fundi wa kuezeka. Anapanda paa asubuhi, anashuka jioni, na sare yake ni singlendi. Wa pili ni mwanetu wa miaka 13. Ana ualbino, na ana wazimu wa mpira. Anacheza winga wa kushoto na wanaojua mpira wanasema mguu anao.

Alipokuwa mdogo haikuwa shida. Nikimvisha, amevaa. Sasa amekua, anaona aibu. Kofia ya ukingo mpana inabaki kwenye begi, kichwani anaweka kepu, tena kaigeuza nyuma. Nikamnunulia fulana nyeusi ya kubana iliyoandikwa UPF 50, nikajua nimemaliza kazi. Kumbe ina mikono mifupi. Juzi karudi kutoka mechi, mikono imeiva kuanzia pale fulana inapoishia, masikio yanabanduka, na nyuma ya magoti hataki hata kuguswa. Nikatafuta soksi za mikono, nazo nyeusi. Kocha akamvua, akasema sheria za mpira hazikubali. Akasema na kofia ni vilevile. Tumebaki na losheni ya kuzuia jua, na chupa yenyewe inaisha kabla sijageuka.

Mume wangu nikimwambia avae shati la mikono mirefu anacheka. Eti yeye ni mweusi, jua limemzoea, na shati litampika. Lakini kila jioni macho ni mekundu, na jicho la kulia limeota kinyama cheupe upande wa puani. Yeye anasema ni vumbi. Sasa mtoto naye kapata pa kushika: nikimwambia avae, ananiuliza, "Mbona baba havai?"

Shangazi, hizi nguo za UPF ni kweli au ni maandishi ya kuuzia tu? Nguo ndefu hazitawachemsha? Kocha ana haki? Na nifanyeje wavae bila vita kila siku?

Mama wa winga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kocha, maana hapo ndipo mtoto anapoumia zaidi na ndipo pepesi kurekebisha. Kocha ana haki nusu. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu, inayohusu mavazi na vifaa vya mchezaji, haikatazi mikono mirefu. Inachotaka ni rangi: fulana ya ndani lazima ifanane na rangi kuu ya mkono wa jezi. Kama jezi yao ni nyeupe na mwanao alikuja na mikono myeusi, mwamuzi yeyote angemtoa akabadilishe. Kosa lilikuwa rangi. Kwa hiyo achana na zile soksi za mikono kwa siku za mechi, mtafutie fulana nyepesi ya ndani ya mikono mirefu yenye rangi ya mkono wa jezi. Kama timu ina jezi mbili, ya nyumbani na ya ugenini, basi na fulana ziwe mbili. Taiti za ndani nazo zinaruhusiwa, mradi zifanane na rangi ya bukta. Na kama wachezaji wengine wa timu wanavaa taiti, wote wawe na rangi moja. Taiti ndefu pamoja na soksi za mpira zilizovutwa hadi chini ya goti zitamaliza ile habari ya nyuma ya magoti.

Kofia ndiyo wengi hawajui. Tangu 2014 sheria inaruhusu mchezaji kufunika kichwa. Masharti yake: kifuniko kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kisiwe kimeshonwa kwenye jezi, kisiwe hatari kwa yeye wala kwa wengine, na kisiwe na kitu kinachochomoza. Hilo la mwisho ndilo linaloikataa kofia ya ukingo. Lakini kile kifuniko chepesi cha kubana, kinachoshika kichwa kizima na kushuka hadi masikioni na shingoni, kinapita. Miwani ya michezo imetajwa waziwazi kuwa halali. Kepu pia imetajwa, ila ni ya golikipa. (Usije ukamgeuza mtoto golikipa kwa sababu ya kepu. Winga mwenye mguu hapatikani kila siku.)

Mwendee kocha siku ya mazoezi, kabla ya msimu wa mechi, si dakika tano kabla ya filimbi wakati kila mtu ana presha. Nenda na nguo zenyewe mkononi azione. Na umwombe jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote haya: mazoezi yaanze baada ya saa kumi jioni. Hebu hesabu saa ambazo mtoto anatumia mazoezini, uzilinganishe na za mechi. Ngozi inaungua zaidi huko kwenye mazoezi, ambako hakuna hata mwamuzi wa kumkataza kuvaa kofia kubwa. Anapokimbia kuzunguka uwanja, anapopiga mipira ya adhabu, anapokaa benchi, kofia ya ukingo haimzuii chochote.

Sasa UPF. Ni kweli, na ni kipimo cha kitambaa kama SPF ilivyo kipimo cha losheni. Australia na New Zealand ndio waliotoa kiwango cha kwanza cha kupima nguo namna hii, mwaka 1996. Namba inakueleza mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV, inavyopenya. UPF 50 maana yake katika sehemu 50 za mionzi inapita sehemu 1. UPF 15, inapita 1 katika 15. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba, ambayo wengi tunaiona kinga, huwa kama 5 hadi 7 tu, na ikilowa jasho hushuka hadi 3 hivi. Fikiria mtoto mwenye ualbino kavaa hiyo, imelowa, imemgandia mabegani, na mama yake nyumbani ametulia kwa sababu mwanangu amevaa.

Ila lebo haijui nguo imekatwaje. Inasema habari za kitambaa, haisemi kitambaa kinafika wapi. Fulana uliyonunua ilifanya kazi yake vizuri kabisa, na ushahidi unao: mikono imeiva kuanzia pale ilipoishia. Singlendi yenye UPF 50 itakinga kifua na tumbo, sehemu ambazo jua la saa sita halizifikii sana, na kuyaacha mabega yaliwe. Ukiwa dukani, kabla ya kusoma namba, tazama urefu wa mikono, tazama kola, tazama kama mtu akiinua mikono kiuno kinabaki wazi.

Wala si lazima kila nguo iwe na lebo. Chukua shati ulilonalo, ingiza mkono ndani, ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako vimejichora vizuri, hilo waachie wa ndani ya nyumba. Kisha livute kidogo kwa mikono miwili. Kitambaa kikifunguka kama chandarua, ujue mwilini nako kitafunguka hivyohivyo, hasa mabegani na viwikoni, na mionzi ipite. Ndiyo maana nguo ya kubana ikiwa ndogo kuliko mwili inapoteza kinga, na watoto wa miaka 13 hurefuka usiku mmoja. Mnunulie inayomtosha leo, na uiangalie tena baada ya miezi michache. Kitambaa kilichofumwa kwa kushikamana ni bora kuliko kilicholegea, cha rangi iliyokolea ni bora kuliko cheupe chenye ufumaji uleule, na poliesta huzuia UV vizuri hata ikiwa nyembamba. Jinzi ngumu na kaki nzito hazipitishi kitu cha kusumbua. Shati lililochakaa likawa laini kama leso, hata kama lilikuwa zuri zamani, limeshastaafu.

Joto ndilo linalowafanya wavue, kwa hiyo tusilipuuze. Mumeo hasemi uongo akisema shati linaweza kumpika. Shati zito la kubana, lisilopitisha hewa, litampika kweli. Lakini jua likipiga moja kwa moja kwenye bega tupu, joto lile lote linaishia kwenye ngozi. Likipiga shati pana, linaishia kwenye kitambaa, na hewa inayopita kati ya kitambaa na mwili inaondoka nalo. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotaka kujua kwa nini Mabedui wa jangwani wanavaa majoho meusi kwenye jua kali vile. Watafiti waligundua kwamba joho jeusi lenyewe lilipata joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto lililofika mwilini lilikuwa sawa, kwa sababu lile la ziada lilipotelea hewani kabla ya kugusa ngozi. Siri ilikuwa upana wa nguo. Kwa fundi wa kuezeka basi: shati moja pana la kaki nyepesi au la bluu isiyokolea, lenye kola ya kuinua, na lenye nafasi makwapani. Chini yake asivae kitu. Wengi wanaolalamika kwamba shati ndefu linachemsha wamelivaa juu ya fulana nyingine.

Mikono ya shati aifunge vifungo. Upana ni mzuri kwenye mwili, si kwenye viganja karibu na mashine ya kukatia bati. Mkono unaoning'inia ukishikwa na mashine, habari ya jua itasahaulika. Kichwani, kama kazi inataka kofia ngumu, asiweke kofia nyingine chini yake, maana haitakaa sawasawa na haitamlinda kikianguka kitu. Kuna ukingo wa kupachika kwenye kofia ngumu na kitambaa cha kushuka shingoni, vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kama hapo kazini hawavai kofia ngumu, basi kofia ya ukingo wa sentimita 7 na nusu hivi kuzunguka pande zote, yenye kamba ya kidevuni, kwa sababu huko juu kuna upepo na mtu akiikimbilia kofia yake juu ya paa tutakuwa tunazungumza mengine. Kepu inakinga paji la uso na pua. Masikio na shingo imeyaacha.

Hilo la jua kumzoea lina ukweli kidogo ndani yake, na ukimnyima ukweli huo hatakusikiliza tena. Ngozi nyeusi ina kinga yake. Makadirio yanayotajwa sana yanaiweka kama SPF 13, wakati nyeupe iko kwenye 3 na kitu. Saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra zaidi kwa watu kama yeye kuliko kwa weupe, na sitakutisha nayo ili nishinde hoja. Ngozi ya mwanao haina kinga hiyo, ndiyo maana sheria ya nyumba haiwezi kuwa moja kwa wote wawili. Lakini mwambie mumeo jicho halina weusi wa kulikinga. Macho mekundu jioni yanaweza kweli kuwa vumbi, na kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye mboni ni ugonjwa unaojulikana sana kwa watu wanaoshinda juani, kwenye upepo na vumbi. Yeye ana vyote vitatu, na zaidi ya hapo ana bati jipya linalong'aa, ambalo linampiga mionzi kutoka chini, mahali ambapo ukingo wa kofia hausaidii. Kinyama hicho kikiachwa kinaweza kufika mbele ya mboni na kuziba kuona. Daktari wa macho akiangalie, aseme ni nini hasa.

Kwa hiyo kwa mumeo kitu cha kwanza ni miwani, hata kabla ya shati. Itafutwe iliyoandikwa UV400, yaani inazuia mionzi hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, na iwe inazunguka hadi pembeni ya uso. Giza la kioo si kipimo. Kioo cheusi kisicho na kichujio kinaweza kuwa kibaya kuliko kukaa bila miwani, kwa sababu gizani mboni inapanuka na kuikaribisha mionzi ndani. Vioo hupangwa kwa namba kutoka 0 hadi 4. Namba 3 inamtosha juu ya paa. Namba 4 ni giza mno, haifai kabisa kuendeshea gari.

Akitaka namba za watu wazima wenzake, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2023: mwaka 2019 watu wa umri wa kufanya kazi wapatao bilioni 1.6 walipigwa na mionzi ya jua wakiwa kazini nje, na karibu watu 19,000 walikufa mwaka huo kwa saratani za ngozi zisizo melanoma (melanoma ni aina moja ya saratani ya ngozi, haikuhesabiwa hapa) kwa sababu ya kufanya kazi juani. Wengi wao walikuwa wanaume. Mwachie hapo, usiendelee.

Tuje kwenye losheni inayokuishia. Inaisha kwa sababu unaitumia kama nguo. Kumpaka mtu mzima mwili mzima sawasawa kunataka kama mililita 30, maana yake chupa ya mililita 100 ni kupaka mara tatu tu. Na inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi akitoka jasho jingi. Hakuna nyumba itakayomudu hivyo, na ndiyo maana watu wengi wanapaka nusu au robo ya kinachohitajika kisha wanashangaa namba iliyoandikwa kwenye chupa haiwasaidii. Mtoto akishavaa mikono mirefu, taiti na kifuniko cha kichwa, kinachobaki ni uso, shingo ya mbele, na viganja kwa juu. Kijiko cha chai kimoja kwa uso na shingo, nusu nyingine kwa mikono na masikio kama hayakufunikwa. Apake kabla ya kutoka nyumbani, arudie wakati wa mapumziko. Midomo isisahauliwe, hasa wa chini. Kwa mwenye ualbino chagua SPF 30 kwenda juu, ila isiwe ndiyo kinga yake ya kwanza. Losheni inatoka kwa jasho na kwa kujifuta na jezi, na hakuna anayeiona ikitoka. Mkono wa fulana ukipanda, unauona.

Kuhusu vita vya asubuhi, nitakuambia ninavyoona mimi. Mtoto wa miaka 13 hakatai kinga, anakataa kuwa peke yake ndani yake. Kofia pana aliyonunuliwa na mama inamtenga, lakini fulana ya ndani ya mikono mirefu wachezaji wakubwa wanaivaa na yeye anawaona. Mpe achague mwenyewe kati ya mbili au tatu ambazo wewe umeshazipima kwa mwanga na kwa kuvuta. Usimwambie kocha amtangaze mbele ya wenzake. Mwombe tu aruhusu yeyote anayetaka kuvaa mikono mirefu avae, na utashangaa watoto wangapi watataka, kwa sababu zao.

Halafu hilo swali lake la "mbona baba havai" usilichukue kama ujeuri. Ameuliza vizuri. Baba anaweza kumweleza tofauti ya ngozi zao mpaka kesho, lakini mtoto anayemwona baba akifunga kola na kuweka miwani kabla ya kupanda ngazi hahitaji maelezo hayo. Ukitaka kumshawishi mumeo usianze na afya yake, atacheka tena. Anza na mwanawe, maana nadhani hapo hatacheka.

Wafundishe wote wawili kipimo kisichohitaji simu: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Kwa kawaida ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni hivi. Mawingu mepesi yasiwadanganye, mionzi mingi inayapenya hata pale joto halisikiki. Na maji yawepo karibu, kwenye paa na uwanjani, kwa sababu nguo ndefu bila maji itavuliwa saa saba.

Ngozi ya mwanao uikague mwenyewe mara moja kwa mwezi, mwanga ukiwa mzuri: nyuma ya masikio, kisogoni, juu ya mikono, midomoni. Ukiona gamba gumu linalorudi kila likibanduka, uvimbe unaokua, au kidonda ambacho wiki nne zimepita hakijapona, mpeleke kwa daktari wa ngozi na usikubali kupewa mafuta ya kupaka tu bila kuangaliwa. Hata bila dalili hizo, aonwe na daktari wa ngozi kila mwaka, au mara nyingi zaidi daktari akisema hivyo.

Miadi ya macho iweke ya wote wawili siku moja. Mtoto apimiwe miwani ya michezo yenye kichujio cha UV, maana wenye ualbino wengi jua linawaumiza macho na kuona mbali ni shida, na baba akaangaliwe kile kinyama.